Tupeane uzoefu: mliokimbia au kupanda mlima kuchangisha kwa ajili ya mtoto aliyetangulia

Mleta mada, Tanga

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mwanangu wa pili alifariki akiwa na miezi kumi na moja. Tundu kwenye moyo. Akinyonya alikuwa anatoka jasho kichwani mpaka kanga inalowa, na mimi nasema ni joto la Tanga. Februari ijayo angetimiza miaka mitano. Nataka kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, watu wanichangie, hela imsaidie mtoto mwingine anayesubiri upasuaji pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mume wangu kasema sawa, ila yeye haji. Kukimbia kwenyewe sijawahi, labda kukimbilia daladala. Naombeni uzoefu.

Moshi

Pole sana dada. Mimi nilimkimbilia mpwa wangu, saratani ya figo, alikuwa na miaka minne.

Kwanza njia. Ile 21 inakudanganya pale mwanzo, unatoka uwanja wa Ushirika umechangamka, muziki unapiga, halafu mnaanza kupandisha kuelekea Mweka. Kinapanda, kinapanda tu. Mimi nilitembea sehemu kubwa ya kile kipande na sioni aibu. Kurudi ni mteremko, na mteremko ndio unaoua kucha. Zangu mbili zilikuwa nyeusi hadi Pasaka. Viatu vizidi kidogo mguu wako, na usivivae kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mafuta ya mgando mapajani, usibishe. Mazoezi anza sasa: kimbia dakika moja, tembea mbili, wiki kwa wiki unaongeza.

Sasa lile ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Niliandikisha jina la mtoto mgongoni kwenye fulana. Kule juu wanakijiji wanasimama barabarani kushangilia, akina mama wa migombani na watoto wa shule. Wakisoma mgongo wanadhani ndiyo jina langu. Basi wananiita kwa jina lake, "kaza, unafika!" Tangu tuzike, nyumbani kwetu hilo jina lilikuwa halitajwi, dada yangu alikuwa anatoka chumbani akilisikia. Siku ile nililisikia pengine mara hamsini, kwa sauti ya juu, na watu wanacheka. Nililia kilomita mbili nzima. Ujiandae.

Nairobi

Pole mamangu. Huku kwetu kuna Mater Heart Run, mbio za hospitali ya Mater za kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Raha yake ni kwamba unanunua tisheti na mchango wako umo humo, humwombi mtu. Maana Kenya hii watu wamechoka na harambee, ukiandika "naomba" kwa grupu ya familia wote wanakuwa wamezima simu. Tulienda mabinamu kumi na wawili, tukatembea na kupiga gumzo njia yote, hakuna aliyekimbia hata hatua mia. Mtoto wetu alikuwa wa kucheka, tukaona ingekuwa kosa kununa.

Mzee wa Arusha

Mwanangu, mimi nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nikiwa na miaka 58. Mjukuu wangu. Niliwatangazia watu nitafika kileleni Uhuru, mita 5,895. Kambi ya Kibo mnaondoka usiku wa manane, changarawe zinateleza, hatua mbili mbele moja nyuma, maji yanaganda kwenye chupa. Nikafika Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, mwongozaji akanimulika tochi usoni akasema, "Babu, tunashuka." Nikashuka.

Shemeji yangu akaniambia basi akate mchango wake kwa zile mita 210. Alikuwa anatania, nadhani.

Neno langu ni moja: hela isipite kwenye simu yako. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, ueleze nia yako, uombe utaratibu. Taasisi za serikali zinatoa kontro namba, yaani namba ya malipo, mtu analipia huko huko. Mimi nilipokea kwa simu yangu, na hadi leo yuko ndugu anayeamini kuwa bati za jikoni kwangu zimetoka kwa yule mtoto.

Mchangiaji, hakutaja alipo

Samahani lakini sielewi. Kiingilio, nauli, malazi Moshi, fulana. Si hiyo hela ungeipeleka hospitali moja kwa moja?

Mleta mada

Swali zuri ndugu yangu, sijakasirika. Nilishapeleka. Mwaka wa kwanza nilipeleka laki mbili kimya kimya, nikapewa risiti, nikarudi nyumbani nikapika. Hakuna aliyejua, hakuna aliyeniuliza alikuwa mtoto wa namna gani.

Moshi

Umeeleza. Malazi usihangaike, kwetu chumba kipo.

Mleta mada, wiki tatu baadaye

Asanteni wote, mzee wangu wa Arusha, shikamoo tena. Kontro namba nimeelekezwa. Naamka saa kumi na moja, nakwenda mpaka Raskazone na kurudi, nusu kukimbia nusu kutembea. Wauza samaki wameshanizoea.

Juzi niliandika jina la mtoto kwenye karatasi ya kumpelekea fundi wa fulana, nikaiacha mezani. Asubuhi nimekuta mume wangu kaongeza jina lake mwenyewe baada ya la mtoto, kwa kalamu nyingine, herufi kubwa. Nikamuuliza. Akasema mtoto ana baba, asiandikwe nusu.

Kuja Moshi, bado anasema haji. Fundi kaniambia herufi zimeongezeka, niongeze elfu mbili.