Mrejesho: kutembea Malimbe mpaka ufukweni Luchelele

Wakuu, wiki ile niliuliza kama naweza kutembea na watoto toka Malimbe mpaka ufukweni Luchelele, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, basi jana tumeenda. Aliyesema tuanze saa kumi na mbili asubuhi namshukuru sana maana saa nne jua lilishakuwa kali balaa na kale kanjia kanapita kwenye mawe makubwa, kivuli hamna. Tulikuta kinamama wameanika dagaa mchangani, mdogo wangu wa mwisho akakanyaga wakamganda kwenye kandambili, ikabidi tuombe radhi na kununua sado nzima 😂 Kuogelea niligoma, naogopa kichocho, halafu wenyeji wakatuonyesha matete wakasema kiboko hulala pale. Maji bebeni mengi, sisi lita tatu zilikata njiani.