Naomba ushauri: programu ya terminali ya kuzalisha rangi za aplikesheni za simu, manjano inanitesa

fundi_rangi (Mwanza)

Wakuu, habari za kazi.

Natengeneza aplikesheni za simu kwa wateja wadogo wadogo: vikoba, maduka ya dawa, shule binafsi. Karibu wote huja na nembo yenye rangi moja na kuniambia "tumia rangi yetu". Hapo mimi ndiye wa kutafuta rangi ya vitufe, ya maandishi, ya mandharinyuma na ya ujumbe wa kosa, halafu zote tena kwa hali ya giza. Kuzichagua kwa jicho kunakula muda, kwa hiyo nimeandika programu ndogo ya terminali (dirisha la kuandikia amri). Unaipa rangi ya nembo, inakutolea ngazi kumi kuanzia iliyopauka hadi iliyokoza, kisha inaandika faili la Android na la Flutter (zana ya Google ya kutengenezea aplikesheni).

Inatumia hesabu ya HSL, inayoeleza kila rangi kwa aina, ukolezi na mwangaza: aina ya rangi na ukolezi vinabaki vilevile, unabadilika mwangaza tu. Kwa bluu inatoka safi kabisa. Sasa nina kikoba ambacho nembo yao ni manjano, #FBC02D. Ngazi ileile inayobeba maandishi meupe vizuri kwa mteja wa bluu, kwa hawa maandishi yanapotea. Wanachama wao wengi ni akina mama wa sokoni, wanafungua simu juani, na skrini za simu zenyewe hazina mwanga mkali. Mama asipoona kilichoandikwa kwenye kitufe cha "Lipa hisa", mchango wake haufiki.

Naombeni mnisaidie: nibadilishe hesabu au nichague rangi za manjano kwa mkono? Na kuna programu iliyopo tayari, au niendelee na yangu?

shamba_la_msimbo

Mkuu, kabla hujaandika zaidi jaribu pastel. Ni ya terminali, imeandikwa kwa lugha ya Rust, ni ya bure. Inabadilisha miundo ya rangi, inachanganya, inatengeneza mpito kutoka rangi moja hadi nyingine, hata inakuonyesha rangi itakavyoonekana kwa mwenye upofu wa rangi. Na kama mteja kaleta picha ya nembo bila namba ya rangi, ImageMagick, programu ya kuchakata picha, inatosha:

`magick nembo.png -resize 200x200 -colors 6 -unique-colors txt:`

Utapata rangi sita na namba zake. Ila hakuna kati ya hizo itakayokuandikia faili za aplikesheni, kwa hiyo hiyo ya kwako bado ina kazi.

Mwanaisha_dizaini (Mombasa)

Ndugu yangu, tatizo liko kwenye HSL yenyewe, kwa hiyo usichague kwa mkono. Mwangaza wa HSL si mwangaza unaoonwa na jicho. Chukua manjano kamili na bluu kamili: HSL inasema zote zina mwangaza wa asilimia 50. Ukipima kwa kanuni ya WCAG (mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zisomeke na watu wote), manjano inapata 0.93 na bluu 0.07. Ndiyo maana maandishi meupe juu ya bluu hiyo yana kontrasti (tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake) ya 8.6 kwa 1, na juu ya manjano 1.07 kwa 1, yaani hakuna kitu. Kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa.

Hamia kwenye mfumo wa rangi unaofuata jicho. Kuna OKLCH, inayotokana na Oklab aliyoitoa Björn Ottosson mwaka 2020. Kuna pia HCT ya Google, iliyokuja na Material You, mtindo wao wa mwonekano, kwenye Android 12 mwaka 2021. Kwa kazi yako ningechukua HCT, kwa sababu moja: toni zake, yaani ngazi za mwangaza, zinakwenda 0 (nyeusi) hadi 100 (nyeupe), na rangi mbili zikipishana toni 50, kontrasti ya 4.5 una uhakika nayo. Zikipishana 40, una uhakika wa 3. Programu yako haihitaji kubahatisha, inatoa tu. Maktaba yake inaitwa material-color-utilities, ipo ya Dart, Java, TypeScript, Swift na C++.

Hiyo #FBC02D yenu iko kwenye toni 81 hivi. Nyeupe ni 100. Tofauti ni 19 tu, haiwezi kusomeka hata ufanyeje.

fundi_rangi

Dada, ubarikiwe, sasa naelewa. Nimeijaribu kupitia `ColorScheme.fromSeed` ya Flutter, inayozalisha rangi zote kutoka rangi moja. Kusomeka kunasomeka, lakini rangi kuu imekuwa kahawia ya matope. Mwenyekiti wa kikoba kaiona akasema hii si rangi yao, na nakubaliana naye.

Mwanaisha_dizaini

Ana haki. Kwenye hali ya mwanga mfumo ule unashusha rangi kuu hadi toni 40, na manjano ya toni 40 hakuna mtu anayeiita manjano. Bluu inavumilia kushushwa, manjano haivumilii.

Achana na maandishi meupe. Iache manjano yao ilivyo kwenye kitufe, maandishi yawe ya toni 31 kushuka chini. Mimi ningeweka 10, kahawia inayokaribia weusi. Hata nyeusi tupu juu ya rangi hiyo inatoa zaidi ya 12 kwa 1, juani itaonekana. Kwenye Flutter jaribu pia `DynamicSchemeVariant.fidelity`, inabaki karibu na rangi uliyoipa. Ila usitumie manjano kama rangi ya maandishi juu ya nyeupe, popote pale. Viungo na vichwa vya habari vipe ile kahawia.

kaka_wa_gradle

Naongezea upande wa faili, maana hapo ndipo watu huumia.

Majina yafuate kazi, sio rangi. Ukiandika `manjano_500` kila mahali, siku kikoba kikibadili nembo kuwa kijani utakuwa na kijani inayoitwa manjano kwenye msimbo mzima. Andika `rangi_kuu`, `juu_ya_rangi_kuu`, `kosa`.

Angalia nafasi ya uwazi (kiasi rangi inavyopitisha ya nyuma yake, hapa ni ile 80). Android inaweka mbele, #80FBC02D, na Flutter vivyo hivyo, 0x80FBC02D. Wavuti inaweka nyuma, #FBC02D80. Ukinakili bila kugeuza, unapata rangi nyingine kabisa na hakuna kitakacholalamika.

Hali ya giza kwenye Android inaenda `res/values-night/colors.xml`, majina yaleyale. iOS kila rangi ina folda yake ya `.colorset` yenye Contents.json, na mwanga na giza vinakaa humo pamoja.

Na la muhimu kuliko yote hayo: programu ipime kila jozi ya maandishi na mandharinyuma yake, jozi moja ikiwa chini ya 4.5 irudishe msimbo wa kutoka usio sifuri, yaani ishara kwamba imeshindwa. Ujenzi wa aplikesheni (build) usimame hapohapo. Ukitoa onyo tu, litapita bila kusomwa.

fundi_rangi

Nimeelewa wakuu. Mwenyekiti ameshapokea picha ya kitufe cha manjano chenye maandishi ya kahawia, ameridhia. Hesabu nahamishia HCT, na hiyo ya kusimamisha ujenzi naiweka leo. Swali moja limebaki: aliyelipa namwonyesha kijani, anayedaiwa nyekundu. Hapo programu ipime nini?

shamba_la_msimbo

Zipitishe zote mbili kwenye `pastel colorblind` uone zinavyokaribiana. Halafu hata zikipishana vizuri, weka neno "Amelipa" au "Anadaiwa" pembeni ya jina. Wapo wanaume wengi tu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na mweka hazina wao anaweza kuwa mmojawapo.