Vihusishi vya Kiingereza vinanikwamisha, na usaili umekaribia

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, najiandaa na usaili wa kazi ya kuongoza watalii Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Kuongea naongea, shida ni "in", "on" na "at". Kiswahili unaweka -ni mwishoni yameisha: mtini, ziwani, botini. Kwa Kiingereza nasita katikati ya sentensi. Nianzie wapi?

Mha_wa_Kasulu: Rahisi mkuu. "In" ni ndani, "on" ni juu, "at" ni mahali. Shika hapo tu.

Mwalimu_Tabora: Ndugu yangu wa Kasulu, kanuni hiyo ndiyo inayowaponza wanafunzi wangu. Sokwe akiwa juu ya mti, Mwingereza husema "in the tree", kwa kuwa matawi na majani yamemzunguka. Tunda ndilo liko "on the tree", maana limeshikamana na tawi. Kwa kazi unayoomba, sentensi hiyo utaisema kila siku. Vilevile Kigoma iko "on Lake Tanganyika", yaani kando ya ziwa.

Tarehe zifanyie mazoezi kwa historia ya hapohapo. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe "in 1960", "in July", "on 14 July 1960". Mwaka na mwezi ni "in", siku yenyewe "on", saa "at".

Binti_Mwanga: Usisahau usafiri, maana Gombe hakuendeki kwa gari. Ukitaja njia ya kusafiri ni "by boat". Mkishapanda, "on the boat", sawa na "on the bus" na "on the train". Teksi ni "in". Kwa miguu ni "on foot".

Mwalimu_Tabora: Umenena, binti. Mengine hayana kanuni, yameze mazimamazima: "good at", "afraid of", "depend on". Sisi tunasema kuolewa na fulani, wao "married to". Na "discuss" haitaki "about" kabisa, ingawa hata maofisini utaisikia.

Muuliza swali: Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Moja la mwisho: wageni wakifika ni "arrive to Kigoma"?

Mwalimu_Tabora: Marahaba. Hapana, "arrive" haiendi na "to". Mji au nchi ni "in": "arrive in Kigoma". Gatini, stesheni au hotelini ni "at". Ukitaka "to", tumia "come to Kigoma".