Mpira wa vyuo Marekani: kwa nini bingwa apatikane kwa mtoano?

Msafiri_Ohio:
Wakuu habari zenu. Niko Columbus, mwaka wa sita sasa. Kazini kuna mzee mmoja wa hapahapa, kila tukikaa kula ananiambia mtoano umeharibu mpira wa vyuo, eti zamani kila Jumamosi ilikuwa fainali. Mi huu mpira wao wa Kimarekani, ule wa kushika mkononi na kukimbia nao, naujua juujuu tu, nashindwa kumjibu. Mliokaa huku muda mrefu, zamani bingwa alipatikanaje, na mtoano una faida gani hasa?

BabaWawili_Dallas:
Mkuu anza na hesabu. Ligi kuu ya Bongo timu 16, kila mmoja anakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, msimamo wenyewe unakuonyesha bingwa. Huku timu za daraja la juu ni zaidi ya 130 na kila moja inacheza mechi 12 tu kwenye msimu wa kawaida, wengi hawakutani kabisa, sasa utajuaje nani mkali? Walikuwa wanapiga kura, waandishi na makocha, halafu kuanzia 1998 wakaongezea na hesabu za kompyuta, timu mbili za juu zinacheza fainali basi. 2004 chuo cha Auburn hakufungwa na mtu yeyote, akaachwa nje. Fainali wakaenda vyuo vya USC na Oklahoma, na Oklahoma akapigwa 55-19. Auburn akamaliza 13-0 na hana kombe. Hao vijana walikosa nini? Naumia mpaka leo na wala sio timu yangu.

MamaJunior:
Hata mtoano ulipoanza msimu wa 2014 ulikuwa wa timu nne tu, kwa hiyo dhuluma haikuisha. 2023 Florida State ameshinda mechi zote 13, bingwa wa kanda yake, yaani kundi la vyuo analocheza nalo, kamati inayochagua timu za mtoano ikamuacha kwa sababu kijana wao anayerusha mipira alikuwa ameumia, wakampa nafasi Alabama aliyefungwa mechi moja. Tulikuwa sebuleni tunaangalia wakitangaza, mwanangu anacheza timu ya shule, ametoka mazoezini hata soksi hajavua, akaniuliza mama sasa wanacheza uwanjani kwa ajili gani? Sikuwa na jibu. Timu 12 kuanzia 2024 angalau mabingwa watano wa kanda wana nafasi ya uhakika.

Kijana_wa_Pwani:
Mi namwelewa huyo mzee. Novemba 2024 Ohio State, timu ya hapo kwako Columbus, kafungwa 13-10 na Michigan, nyumbani kwake, na Michigan mwenyewe alikuwa na msimu mbovu. Zamani hapo ndo mwisho wako. Safari hii kaingia mtoano na kabeba kombe akiwa amepoteza mechi mbili, na hao vijana wamecheza mechi 16. Miili inachoka jamani, hao bado wanafunzi.

BabaWawili_Dallas:
Hilo la miili nakubali, wapunguze mechi za mwanzo wa msimu zile za kuonea vitimu vidogo. Ila la Ohio State hapana kaka. Mechi nyingine aliyopoteza ni kwa Oregon, pointi moja, 32-31. Wakakutana tena kwenye robo fainali akampiga 41-21. Kombe hakupewa na mtu mezani, kalifuata mwenyewe.

Msafiri_Ohio:
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Kumbe ndo maana ile Desemba mji ulikuwa vile! Tarehe 21 jamaa alinipa tiketi ya mechi ya Tennessee, baridi kali usiku ule mpaka vidole havishiki simu, na wageni na nguo zao za rangi ya chungwa wamejaa uwanjani kama kwao, tukawafunga 42-17 na watu hawataki kuondoka. Mechi ya mtoano inachezwa kwenye uwanja wa chuo chenyewe, raha yake nyingine kabisa. Kesho mzee namwanzia na habari ya Auburn.

MamaJunior:
Ni raundi ya kwanza tu hiyo mdogo wangu, kuanzia robo fainali wanahamia viwanja vya mbali, mzazi anunue tiketi ya ndege kila wiki. Na robo fainali nazo wangeziacha vyuoni.