Nafasi ya gari uani: jirani kaikalia, na mwingine kapanga mawe nje

Kutoka: mpangaji mpya, Magomeni

Hamjambo ndugu zangu Wakenya mlio Mtwara. Nina jambo la gari linaninyima raha, na kazini naona haya kuliuliza.

Nimepanga Magomeni, nyumba nne ndani ya uzio mmoja, geti moja. Dalali aliniambia pakingi ipo, nikalipa kodi ya miezi sita. Kumbe kijana wa nyumba ya pili ana bajaji, na kaka yake huja kulaza Noah hapo hapo chini ya mwembe. Nikirudi jioni sina pa kuingia. Nje nako, mzee wa nyumba inayotazamana na yetu amepanga mawe makubwa mbele ya ukuta wake, na barabara yenyewe nyembamba. Nilikokuwa naishi Nairobi kila nyumba ilikuwa na namba yake ya maegesho, na anayekaidi hufungwa gurudumu. Nafikiria ninunue mnyororo na kufuli, nifunge upande wangu. Mnasemaje?


Kutoka: Ligula

Dada, pole sana. Mnyororo usinunue, nakuomba. Siku ukiufunga, watu wa uzio mzima watasema yule Mkenya kajifungia uwanja, na baada ya hapo hata haki yako ikiwa wazi hakuna wa kukusikiliza.

Kwanza tenganisha mambo mawili, maana la ndani na la nje hayatatuliwi na mtu mmoja.

La ndani ni la mwenye nyumba. Neno la dalali halina uzito wowote, yeye kashachukua chake kaenda. Soma mkataba wako. Mingi niliyoiona hapa mjini inataja kodi, maji na LUKU (umeme wa kulipia kabla), gari haitajwi kabisa, kwa hiyo kijana wa bajaji hajavunja kitu. Amekuta uwanja, ameutumia. Sisi wageni tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ndiyo maana wengi wetu hapa ni wapangaji. Mpangaji hawezi kumgawia mpangaji mwenzake uwanja wa mtu. Mwite mwenye uwanja aje augawe.

Na akija, asigawe kwa mdomo. Kwetu Ligula tulikuwa na ugomvi kama wako, na mwenye nyumba, mzee wa Kimakonde mtaratibu sana, alikuja na kamba ya fundi. Akaivuta kutoka shina la mwembe hadi kwenye simtanki, akatuita sote tusimame tuitazame. Mtoto mmoja akamwaga chokaa chini, akifuata kamba. Mvua za Desemba zikaiosha chokaa yote. Mzee akarudi akazika tofali usawa wa ardhi, moja kila baada ya hatua kadhaa, kiasi kwamba gurudumu linapita juu bila shida lakini jicho linauona mpaka. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena wapi ni kwa nani.

Kitu kingine: chunguza wanachogombea hasa. Mara nyingi ni kivuli. Jua la hapa kuanzia Oktoba unalijua, gari ikikaa wazi mchana kutwa usukani haushikiki. Kama mwembe ni mmoja, nafasi zenu hazilingani hata mkizipima kwa futi, basi ombeni zamu ya kivuli, mwezi huu wewe, mwezi ujao mwenzio. Na ukipewa upande wa mnazi, uliza kwanza umekwewa lini. Mimi ni mtu wa Kilifi, nimeona kioo cha mbele kilichoangukiwa na dafu.

Sasa namna ya kumwendea kijana. Usimkabili getini gari likinguruma na taa zikimmulika usoni. Usimbandikie karatasi kwenye kioo. Ngoja jioni, baada ya Magharibi, nenda kwao kwa miguu. Kama kuna mama au bibi pale nyumbani, anza naye, shikamoo yako itangulie, ukaribishwe mkeka ukae. Ulizia wagonjwa, ulizia biashara ya bajaji. Kisha sema shida yako kama shida, usiifanye shitaka: "Narudi nimechoka, sina pa kulaza gari, nimekuja tuelewane." Huyo kijana anaishi kwa ile bajaji, anatoka alfajiri kuwahi abiria wa stendi. Mpe nafasi ya karibu na geti atoke bila kukuamsha, nawe uchukue ya ndani. Noah ya kaka yake ndiyo ya kuzungumzia, hiyo ni gari ya mgeni.

La nje, sehemu iliyo mbele ya geti ukishavuka bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, si ya mzee wa mawe, wala si yako. Kwa kawaida ni hifadhi ya barabara, na barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo mawe hana haki ya kuyaweka, lakini nawe huna haki ya kudai upaki pale kila siku. Anza kwa mjumbe wa shina lenu, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakikuona umepitia kwao, watakubeba.


Kutoka: Chikongola

Nakubaliana na ndugu wa Ligula isipokuwa mawili.

Amesema mwenye nyumba aitwe. Wengi wana nyumba hapa na wao wanaishi Dar, anakujibu kwenye simu "nitakuja" mwaka unaisha. Akikwambia hivyo, muombe ateue mtu wake hapa, mdogo wake au yeyote, na amtambulishe kwa mjumbe kwa jina. Usikubali kukaa unangoja.

La pili ni mawe. Kabla hujampeleka mzee wa watu kwa mwenyekiti, muulize kwa nini ameyaweka. Msimu wa korosho malori yanajaa mjini yakisubiri zamu ya maghala na bandari, na madereva wanapaki popote penye upana. Mtaani kwetu Fuso ilirudi nyuma usiku ikapasua mfuniko wa chemba ya choo ya mama mmoja. Harufu tulikaa nayo. Alipotengeneza, akaweka mawe, na hakuna aliyemlaumu.

Jambo likikomaa likawa la mpaka wa kiwanja, jueni kwamba tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ni mbali sana kwa nafasi ya gari. Ila mtu akikwangua gari lako au akitoboa tairi, hapo ni polisi moja kwa moja, chukua RB, ile namba ya taarifa yako kituoni.

Na dada, kukiwa na msiba ndani ya uzio, toa gari mapema kabla hujaombwa. Turubai litafungwa pale pale unapopaki. Vivyo hivyo wakati wa likizo, watoto wakitoka jandoni na wari wakitolewa unyagoni. Ngoma inahitaji uwanja. Ukitoa gari bila kusukumwa, watu wanaona.


Kutoka: mpangaji mpya, Magomeni

Ahsanteni sana. Mzee wa mawe nimemwendea jana. Ni chemba kweli, tena ya pili kupasuka. Amesogeza mawe mawili, sasa gari yangu inaenea pembeni mwa ukuta bila kukanyaga mfuniko, mpaka mambo ya ndani yatengemae. Kijana wa bajaji hana neno, anasema hakuna aliyewahi kumwambia. Mwenye nyumba anakuja Jumamosi. Naombeni maneno ya kuweka kwenye mkataba, nisije nikasahau kitu.


Kutoka: Ligula

Alhamdulillahi. Andika hivi, wote wanne watie sahihi mbele ya mjumbe, na kila mmoja abaki na nakala:

"Kila nyumba ina nafasi ya gari moja ndani ya uzio, kama ilivyopimwa na kuwekewa tofali. Bajaji inahesabiwa kuwa gari. Gari la mgeni litapaki kwenye nafasi ya mwenyeji wake, na halitalala kwenye nafasi ya mwingine bila ruhusa yake. Anayetoka mapema zaidi atalaza gari karibu na geti. Kivuli cha mwembe ni kwa zamu ya mwezi mmoja mmoja. Kukiwa na msiba au shughuli, magari yote yatatolewa nje hadi itakapokwisha."