Kwa nini chama cha mrengo wa kati huadhibiwa kinapoingia serikalini?

Muulizaji wa Tanga
Ndugu wanajukwaa, kuna jambo linanitatiza katika siasa za Uingereza. Mwaka 2010 chama cha Liberal Democrats kilipata wabunge 57, kikaunda serikali ya mseto pamoja na Conservative, chama cha kihafidhina, na kiongozi wake, Nick Clegg, akawa Naibu Waziri Mkuu. Uchaguzi wa 2015 ulipofika, kikabakiwa na wabunge 8. Ikiwa kazi ya chama cha kati ni kupatanisha pande zinazovutana, mbona wananchi wanakiadhibu pale pale kinapoifanya?

Mkaazi wa Leicester
Ndugu yangu, jeraha kubwa lilikuwa ada ya vyuo vikuu. Kabla ya uchaguzi wabunge wake walitia saini ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya ada, lakini Desemba 2010 Bunge liliidhinisha ada ya vyuo vya England ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na ingawa wabunge 21 wa chama hicho walipiga kura ya kupinga, mawaziri wake waliunga mkono. Mwaka 2012 Clegg aliomba radhi hadharani, ila aliomba radhi kwa kutoa ahadi isiyotekelezeka, si kwa ada yenyewe, na kwa mzazi aliyekuwa na mtoto chuoni tofauti hiyo haikuwa na uzito.

Tukitendee haki chama hicho: kilisimamia kupandishwa kwa kiwango cha mapato yasiyotozwa kodi, kutoka pauni 6,475 hadi pauni 10,000 ilipofika 2014. Hilo liliwanufaisha watu wengi wa kipato cha chini, lakini Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha walitoka Conservative, na sifa ikaenda kwao.

Muulizaji wa Tanga
Nashukuru kwa ufafanuzi. Je, mfumo wa uchaguzi nao hauhusiki?

Mpenda Takwimu
Unahusika sana. Mwaka 1983 muungano wa Liberal na SDP, vyama viwili vilivyokuja kuungana kuwa Liberal Democrats, ulipata asilimia 25 ya kura na viti 23 tu, wakati Labour, chama kikubwa cha mrengo wa kushoto, kwa asilimia 28, ilipata viti 209. Kura za watu wa kati zilitawanyika nchi nzima, wakawa wa pili katika majimbo mengi, na katika mfumo ambao anayeongoza jimboni ndiye anayechukua kiti, kama ilivyo kwetu Tanzania na Kenya katika ubunge wa majimbo, kuwa wa pili hakuleti kitu. Kura ya maoni ya Mei 2011 ya kubadili mfumo huo ilikataliwa kwa asilimia 68. Kilichofuata ndicho ninachokiona cha maana zaidi: mwaka 2024 chama kilielekeza nguvu zake katika majimbo ambayo kweli kingeweza kuyachukua, kikapata viti 72 kwa asilimia 12 tu ya kura, chini ya nusu ya ile ya 1983.

Msomaji wa Bonn
Nakubaliana na mwenzangu, ila mfumo hauelezi yote. Ujerumani hugawa viti kwa uwiano wa kura, na bado chama cha FDP, kilichosimama kwa miongo kadhaa kati ya CDU ya kihafidhina na SPD ya mrengo wa kushoto, kimepatwa na yale yale. Mwaka 2009 kilipata asilimia 14.6 kwa kuahidi kupunguza kodi, kisha kikaingia serikalini na CDU, kikachukua Wizara ya Mambo ya Nje na kuiacha ya Fedha, inayosimamia kodi, kwa CDU. Mwaka 2013 kilianguka hadi asilimia 4.8 na kutolewa bungeni, kwa kuwa kizingiti ni asilimia 5. Kilipoingia tena serikalini mwaka 2021 kilihakikisha kinapata Wizara ya Fedha, na hapo tungetarajia mambo yatengemae. Badala yake, kila mvutano wa bajeti na washirika wake serikalini, SPD na chama cha Kijani, ukaishia mezani pa waziri wake, Christian Lindner, hadi Kansela Olaf Scholz akamfukuza kazi Novemba 2024. Uchaguzi wa Februari 2025 ulikipa asilimia 4.3, na kwa mara nyingine hakina mbunge hata mmoja katika Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani.