Wikendi ya Sabato ya Kiyahudi ukiwa bado singo, mezani kwa marafiki na ndugu: tupeane uzoefu

BintiWaUniversityWay: Jamani nimerudi jana usiku kutoka kwa rafiki yangu Teaneck na moyo haujatulia, bora niandike. Kule New Jersey jua la Desemba linazama saa kumi na nusu jioni na mishumaa ya Sabato inawashwa dakika 18 kabla, baada ya hapo safari hakuna, kwa hiyo nilitoka kazini saa sita na begi langu na maua na divai ya kosha (inayoruhusiwa kidini), basi likakwama kwenye daraja la George Washington nikawa nahesabu dakika huku natetemeka. Kwetu Nairobi Sabato inaingia karibu saa ileile mwaka mzima, hizi mbio sikuzijua. Nikafika zimebaki dakika nane. Rafiki yangu ana watoto wanne sasa, nikapewa kitanda kwenye chumba cha binti yake wa miaka sita. Mezani jozi tano za wanandoa, watoto wao, wazazi wa rafiki yangu, na mimi. Wananipenda kweli, sisemi vibaya. Ila ukaja ule wimbo wa Mke Mwema wa Mithali 31, kila mume kamgeukia mkewe anamwimbia, sasa mimi macho niyapeleke wapi? Nilikitazama kibakuli cha chumvi mpaka beti ya mwisho. Halafu baba akabariki watoto, mikono kichwani, mmoja mmoja, na mimi nikainuka nijifanye naleta maji, mama mzee wa rafiki yangu akanivuta mkono, akaniwekea mikono kichwani na mimi, akasema ile baraka yote taratibu. Nina miaka 34. Nililia pale pale.

Na kesho yake baada ya chakula wote wakaenda kulala, wawili wawili, nyumba kimya, simu huwezi kugusa, theluji nje. Saa nane mchana ya Sabato ndo saa ndefu kuliko zote duniani. Wenzangu mnaifanyaje?

Mwana_Nabugoye: Hiyo ya saa nane mchana umenigusa dada.

KakaGoldersGreen: Na wanaume je? Sisi Waashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya, wengi mtu hajaoa havai taliti, ile shali ya sala, kwa hiyo asubuhi sinagogini wenzako wote wa rika lako wamejifunika nyeupe wewe uko na koti tu, hata mgeni aliyeingia mara ya kwanza anajua. Nina 38. Wazee wananipigapiga bega.

Mama_Tanga_Brooklyn: Mi si Myahudi, nalea watoto kwenye nyumba yao mwaka wa saba huu. Binti mkubwa wa bosi wangu anakuja kila Ijumaa na kila Ijumaa shangazi zake wana jina jipya la kijana. Wanampenda jamani, lakini binti anakuja jikoni kwangu anasimama tu karibu na sufuria ya cholenti, kile chakula chao cha Sabato, haongei. Namwachia asimame.

MpareWaSabato: Sisi Wasabato wa Upareni tunayajua haya, Ijumaa jua likizama kazi zote chini, na ukifika kanisani hujaoa utaulizwa na kila mama. Ni yale yale.

KakaGoldersGreen: Si yale yale kaka. Wewe simu unashika, gari unapanda, taa unawasha. Mimi nikialikwa mbali na nisipolala hapo hapo siendi, hata funguo siruhusiwi kubeba barabarani kama mtaa hauna eruvu, ule uzio wa waya wa kidini. Ndo maana mgeni wa Sabato ni mgeni wa saa 25, huna pa kukimbilia.

MpareWaSabato: Sijasema sheria ni moja, nimesema maumivu ni mamoja. Kuulizwa "lini" kunauma kokote.

KakaGoldersGreen: Hapo sawa. Samahani.

NgeniKatamon: Nimekaa siku mbili nasoma tu bila kuandika. Ngoja niseme langu. Mimi ni Mkenya, nimeingia dini ya Kiyahudi mtu mzima, mbele ya marabi watatu, kuzama kwenye maji ya mikve, kila kitu, na naishi Jerusalem. Mtaa wa Katamon umejaa masingo wanaoshika dini, Ijumaa tunaalikana chumba hadi chumba. Ijumaa moja nikakaa mkabala na kijana mmoja, tukaanza kuongea kabla ya samaki, tukaongea mpaka taa za taima zikajizima, tukaendelea gizani na wenye nyumba wanacheka. Akaniuliza kesho unasali wapi, nikamwambia, akasema na mimi nitakuja. Sikulala. Asubuhi niko upande wa wanawake natazama chini kupitia kimiani, nikamwona ametoka kwenda kunawishwa mikono. Nikajua. Akarudi bila viatu akapanda mbele na makuhani wengine, wakajifunika, wakatubariki. Huku Jerusalem wanabariki kila siku, ingekuwa Marekani au London pengine ningekaa miezi bila kujua. Kuhani, uzao wa Haruni, hamuoi mwanamke aliyeingia dini. Yaani mtu ninayemtaka ananyoosha mikono ananibariki na mimi pale pale namuaga moyoni. Inatakiwa usiwatazame wakati wa baraka, nikafunika uso na kitabu, hakuna aliyeona.

BintiWaUniversityWay: Dada yangu. Dada yangu jamani.

Msafiri_Haifa: Si mwende Saiprasi mkafunge ndoa ya serikali? Wengi wanafanya na wakirudi Israeli inaandikishwa.

KakaGoldersGreen: Mtu aliyekaa gizani kwa sababu taima imezima taa unamwambia Saiprasi? Fikiria kabla ya kuandika.

Msafiri_Haifa: Sheria inayowatenganisha watu wawili wazuri siwezi kuitetea.

Mwana_Nabugoye: Muulize rabi kwanza. Kuna familia zinajiita makuhani na ushahidi wao ukichunguzwa haushiki.

NgeniKatamon: Ushahidi wake unashika. Baba, babu, mpaka makaburi ya ukoo yamechorwa ile mikono ya kubariki. Na sitaki mlango wa nyuma, sikuingia dini hii kwa kuchagua vipande.

Mwana_Nabugoye: Basi nimekuelewa. Huku Mbale, Uganda, tatizo ni idadi. Kakungulu alituanzishia dini hii 1919, Amin akapiga marufuku dini yetu miaka ya 70, wengi wakahama imani, waliobaki karibu wote ni ndugu au tumecheza pamoja utotoni. Mimi Sabato naenda kwa dada yangu nacheza na wapwa. Ushauri wangu: tafuta nyumba yenye watoto.

KakaGoldersGreen: Mimi nasema kinyume, ikimbie nyumba yenye watoto.

Mama_Tanga_Brooklyn: Wanasema kwenye havdala, ile ibada ya kuaga Sabato, binti anyanyue mshumaa urefu wa mume anayemtaka. Shusheni mishumaa kidogo wanangu, wafupi nao wapo 😂

BintiWaUniversityWay: NgeniKatamon, mliongea tena?

NgeniKatamon: Jumamosi usiku alipiga. Nikamwambia mwenyewe. Alinyamaza sana, akasema asante kwa kuniambia leo na si mwezi ujao. Ameoa mwaka huu, nilienda harusini, nikacheza na bi harusi. Watu wakawa wananipitia wananiambia "hivi karibuni iwe yako".

BintiWaUniversityWay: Ijumaa ijayo sitaki kwenda kwa mtu. Nina chumba kimoja Washington Heights na sofa ya kukunjua, napika mwenyewe, waje ambao hawajaoa wala kuolewa. Mke Mwema tutaimba wote.

Riverdale_1: Mimi naleta samaki. Nakuja kwa miguu au basi?

BintiWaUniversityWay: Kwa basi, na uwe mlangoni kabla ya saa kumi.